Adabu za Mgeni Kikosini

“Ukifungua mlango ukakuta watu wanne na viti vitano, wewe unakaa wapi?”

Niliulizwa hivyo nikiwa nimesimama mlangoni kwa Mzee Zefania, Same mjini, upepo ukinipiga sketi na vumbi likipita ubavuni mwangu kuingia ndani kwake. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya fizikia, nimezoea maswali ambayo majibu yake yapo hata kama huyajui. Nikasema nitakaa kiti cha tano. “Rudi nje,” akasema. Nikagonga tena, nikasema inategemea kiti hicho ni cha nani. “Rudi nje.” Nikagonga, nikasema nitauliza kwanza. Hapo akacheka bila furaha, akawageukia vijana waliokaa kwenye makochi yake yenye vitambaa vya kufuma. “Mnamwona? Huyu atauliza.” Wakacheka nao. Nikabaki barazani mpaka mafunzo ya siku ile yakaisha, nikarudi nyumbani na hasira na lile swali.

Jumamosi iliyopita tumemzika kwao Mamba, juu kule ambako mashamba ya tangawizi yanashuka mpaka ukingoni mwa barabara. Mchungaji alisema marehemu alikuwa mlezi, mtu aliyewafundisha vijana adabu wakati wazazi wameshachoka kuwafundisha. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, karibu na masufuria, na kila neno la mchungaji lilinipandisha kitu kifuani. Adabu ya nini? Ya nani kwa nani? Nimekuwa mtu wa kuuliza tangu nilipojua kusema, na bado mwaka wangu mmoja, ule ambao kuuliza kungenifaa kuliko miaka mingine yote, niliutumia kujifunza kufunga mdomo. Aliyenifundisha alikuwa mle ndani ya jeneza, na watu walikuwa wanamshukuru.

Nilitaka kuwa rubani. Siwezi kueleza ilianza lini, na sipendi watu wanaoeleza ndoto zao kama vile walizaliwa nazo. Ninachojua ni kwamba nilipomaliza chuo, kazi niliyoiona mbele yangu ilikuwa kufundisha sheria za mwendo kwa watoto wasio na maabara, na nilitaka kabla ya hapo niwe kwenye kitu kinachokwenda. Kikosi cha ndege cha jeshi kilikuwa kinachukua wasomi wachache wa sayansi, na umri wangu ulikuwa unaniruhusu kujaribu mara moja tu. Mwaka uliofuata ningekuwa nimepitwa. Kwa hiyo kila mtu aliponiambia nenda kwa Mzee Zefania, nilikwenda. Same nzima ilijua kwamba alitumikia kikosi kile mpaka akastaafu, na kwamba vijana waliopita sebuleni kwake walikuwa wanajua kusimama mbele ya maofisa. Akili unazo, walisema, lakini huko hawaangalii akili peke yake, wanaangalia umekuja vipi.

Sebule yake ilikuwa chumba cha joto, pazia limefungwa kuzuia vumbi, saa ya ukutani imesimama, na juu ya kabati picha yake akiwa kijana, amesimama chini ya bawa la ndege, koti jeupe, mikono nyuma. Hakuna aliyeruhusiwa kumwita babu wala mzee. Tulimwita Afande. Ukiingia ulitakiwa kusahau shikamoo, na hilo lilitutesa kuliko yote, kwa sababu mtoto wa Kipare akimwona mtu mwenye mvi mdomo wake unatamka shikamoo kabla akili haijafika. “Jambo, Afande!” tulipiga kelele, na Mama Neema, mkewe, akawa anatikisa kichwa huko jikoni. Siku moja Godlisten, kijana mrefu wa Ngujini aliyekuja kupanga chumba Same kwa ajili ya mafunzo haya tu, alichanganyikiwa akasema, “Shikajambo, Afande.” Tulicheka mpaka Afande mwenyewe akageuka dirishani kuficha uso. Mara nilizompenda ni chache, na hiyo ilikuwa mojawapo.

Mambo aliyotufundisha yalikuwa ya aina mbili, na tatizo langu lote lilianzia hapo, kwa kuwa yeye hakuona kwamba ni aina mbili. Alisema ndege unaifuata kwa mbele, ambako rubani anakuona, wala hupiti karibu na pangaboi hata kama limesimama. Sawa. Alisema kabla ya kusogea unatoa mifukoni kila kitu, sarafu, kalamu, pini ya nywele, kwa sababu kitu kidogo kikidondoka ndani kinaua watu. Sawa, hilo nililielewa haraka kuliko wenzangu. Lakini kwa sauti ileile, kwa uzito uleule, alisema mgeni hapigi mluzi, mgeni hacheki kabla wakubwa hawajacheka, mgeni akitoka chumbani anarudi kinyumenyume mpaka mlangoni ndipo anageuka, mgeni akikuta jagi la maji mezani anawahudumia waliopo kuanzia mkubwa, akipitia upande wa kulia, kabla yeye mwenyewe hajafikiria kiu. Alisema kwenye chumba cha marubani kuna vikombe vimetundikwa ukutani, kila mtu na chake, na kimojawapo kimegeuziwa mdomo ukutani. Hicho mgeni hakigusi, hakisafishi, wala haulizi ni cha nani.

“Kwa nini asiulize?” niliuliza.

“Kwa sababu wanaojua wanajua.”

“Na asiyejua atajuaje?”

“Atakaa. Atasikia. Siku moja atajua.”

“Sasa Afande, kama nisipouliza kuhusu kikombe, kesho nisiulize kuhusu skrubu iliyolegea?”

Pembeni yangu Rehema alinikanyaga mguu. Rehema alikuwa mtoto wa shamba la mkonge kule bondeni. Wazazi wake walikuja kutoka Kigoma kukata mkonge, na yeye alisoma stashahada ya umeme kwa kukaa kwa ndugu huku na huku. Alikuwa na ulimi mkali kuliko wangu ila hakuutumia sebuleni. Alikuja siku alizoweza. Siku nyingine alikuwa anasaidia kwenye karakana ya pikipiki kwa mjomba wake, na Afande alikuwa amemzoea kama mtu anavyozoea mvua ya Same, ikija imekuja. Tukitoka nje ndipo aliponiambia, “Wewe unabishana na redio. Redio inasikiliza? Isikilize ikimaliza uizime.”

“Lakini anachosema hakina maana.”

“Nakijwa, dada yangu, kina maana kwake. Wewe unataka kuruka au unataka kushinda?”

Nilitaka vyote viwili na sikuona kwa nini nichague.

Ikaja Krismasi. Wapare wanaofanya kazi mbali walikuwa wamerudi, milima imejaa magari ya Dar, na miongoni mwao alikuwepo rubani wa kikosi kile, kapteni kijana, ndugu wa jirani yake Afande. Afande alimwalika aje azungumze nasi. Kwa siku kadhaa hatukufundishwa kitu kingine, tulifundishwa kumpokea huyo mtu. Nani afungue mlango, nani apokee kofia, nani amimine chai. Kapteni mwenyewe alikuwa ametutumia ahadi kubwa: akituona tumejiandaa, atatuombea ruhusa tukatembelee uwanja wao, tuzione ndege kwa karibu, tujue kama kweli tunazitaka. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kugusa ndege. Mama Neema alipika makande ya sikukuu, mahindi yaliyokobolewa, maharage, nazi iliyotoka kwa mgeni wa Tanga, na chai ya tangawizi iliyokuna koo. Kapteni alikuwa mtu wa kawaida sana. Alivaa fulana, akacheka na watoto nje, akakaa kwenye kochi akasema, “Haya, ulizeni.” 

Alisema ulizeni. Hilo nalikumbuka vizuri na hakuna atakayeniondolea. Godlisten aliuliza kuhusu mishahara kwa njia ya kuzungukazunguka. Mwingine akauliza kama mtu akitapika angani anafukuzwa. Kapteni alicheka, akasema wote wametapika. Mimi nikamwuliza kapteni, “Afande, kuna kikombe kinageuziwa ukutani, nadhani ni cha aliyekufa. Rubani akifa, nani anachunguza ndege yake ilikuwa na nini? Na majibu yake mnaambiwa?”

Kapteni aliweka kikombe chake chini. Hakukasirika. Uso wake ulijifunga tu, kama duka linavyofungwa. Akaangalia saa yake, akasema anasubiriwa kwa shangazi yake kule Mwanga, akamshukuru Mama Neema kwa makande ambayo hakuyala, akaondoka. Afande alimsindikiza mpaka barabarani. Tulisikia geti likigonga. Mama Neema ndiye aliyetuambia, akiwa anarudisha makande jikoni, kwamba kapteni alikuwa amezika mwenzake mwezi uliotangulia. Kwamba alikuja nyumbani kupumzika na msiba huo.

“Umefurahi?” Godlisten aliniuliza. “Umeuliza, umejibiwa?”

“Amesema ulizeni.”

“Amesema ulizeni, hajasema mchokonoeni. Unafikiri sisi wote tuna shahada ya kutegemea? Hiyo safari ya uwanjani ndiyo ilikuwa pekee. Umetuharibia.”

Rehema peke yake ndiye aliyesema, “Swali lilikuwa zuri. Siku ilikuwa mbaya.” Lakini alilisema kwa sauti ya chini, na safari ya uwanjani haikutajwa tena.

Baada ya hapo Afande hakunifukuza. Heri angenifukuza. Aliniambia nitahudhuria kutoka barazani, nje ya dirisha, mpaka nitakapojua jibu la swali la viti, lile alilonisamehe baada ya siku ya kwanza. Kwa hiyo wakati wenzangu wako ndani kwenye makochi, mimi nilikaa kwenye kigoda jua likinifuata, nikisikiliza kupitia nyavu za mbu, na wapita njia wakiniuliza, “Vipi wewe, umefanya nini?” Nikasema nasubiri. Mwanzoni nilikaa pale kwa ukaidi. Nilitaka aone kwamba haitanivunja. Baadaye, na sijui ilitokea siku gani, nikaanza kupenda kuwa kimya. Ukikaa bila kuuliza watu wanakusahau, na wakikusahau unaona mengi. Nilianza kuona jinsi Afande anavyogeuza kichwa kabla hajazungumza, jinsi anavyonyanyua kikombe bila sauti, na nikaanza kuyafanya. Asubuhi moja alitokea barazani akaniuliza lile swali, nikasema, “Sijaingia bado, Afande. Sijaitwa.” Akafungua mlango kwa upana. “Karibu ndani.” Nilikaribia kulia kwa furaha, na hata leo furaha ile inanichukiza kuliko adhabu yenyewe.

Tangu hapo nikawa mwanafunzi wake bora. Niliingia bila sauti, nilisimama mahali panapotakiwa, nilimimina maji nikipitia kulia. Aliwaambia wageni, “Huyu ndiye.” Mama yangu alifurahi, akasema nimetulia. Godlisten alianza kunisalimia tena. Rehema aliniangalia siku moja nikimhudumia Afande chai, kitambaa kimekunjwa kwenye mkono wa kushoto kama alivyotufundisha, akaniambia tulipotoka, “Nakijwa, wewe ukirusha ndege hivyo, itakuja kukuomba ruhusa.” Sikucheka. Nilimwona ana wivu.

Siku ya mwisho ya mafunzo kabla ya usaili nilikuwa jikoni naosha vyombo, kwa sababu mgeni anaosha vyombo, na Afande na mkewe walikuwa sebuleni wakidhani nimekwenda dukani. Mama Neema alikuwa anaongea Kipare, kisha akahamia Kiswahili kama walivyozoea wakiwa wanabishana.

“Hao watoto umewaambia ulikuwa unafanya nini kule?”

“Nilikuwa kikosini.”

“Ulikuwa bwaloni, Baba Neema. Ulikuwa unabeba sinia.”

“Na bwalo ni nini? Si kikosi? Marubani wote wamekula mkononi mwangu. Nimewaona wakiingia wageni na nimewaona wakiondoka majenerali. Nani anajua kuliko mimi nani alidumu na nani hakudumu?”

“Sijasema hujui. Nasema waambie.”

“Nikiwaambia hawatasikiliza.”

Nilisimama na sahani mkononi. Nikaangalia kupitia mlango ile picha juu ya kabati, koti jeupe, mikono nyuma, na nikaelewa kwamba nililolidhani vazi la sherehe lilikuwa koti la mhudumu. Yote yakakaa mahali pake: kurudi kinyumenyume, maji kutoka kulia, kitambaa mkononi, kutokaa mpaka uitwe. Alikuwa ametufundisha kwa moyo wake wote adabu alizozijua, na adabu alizozijua ni za mtu anayetakiwa asionekane. Kuhusu ndege alitufundisha yale aliyoyasikia mezani akipita na sufuria ya supu. Nilitakiwa kutoka jikoni na kusema neno. Usaili ulikuwa kesho kutwa, basi la alfajiri lilikuwa limeshalipiwa. Nikamaliza kuosha, nikafuta meza, nikatoka kinyumenyume.

Kule kwenye usaili walitupima kwanza. Macho, masikio, kifua, damu, wakatupima urefu tumesimama na tumekaa, mikono imenyooshwa, miguu imenyooshwa, kila mpimaji akimnong’oneza mwenzake. Nilijua kila kitu cha fizikia ambacho wangeweza kuniuliza. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kwa nini bawa linabeba uzito, kwa maneno ambayo hata mtu asiyesoma angeelewa, na nilikuwa nasubiri kwa hamu. Mchana wakatuita mmoja mmoja. Nikagonga mara moja, nikasubiri. Wakaniita. Ndani walikuwa maofisa watatu, mmoja wao mwanamke, na meza ndogo ya pembeni yenye jagi na bilauri. Yule aliyekuwa katikati, mtu mzima mwenye miwani, akanionyesha kwa kidole akasema, “Karibu, kuna maji hapo.”

Nikawamiminia. Sijui niseme nini zaidi. Mikono ilikwenda yenyewe. Kuanzia mkubwa, upande wa kulia, bilauri imeshikwa chini ili vidole visikaribie mdomo. Nilipofika kwa yule ofisa mwanamke aliniangalia usoni kwa muda mrefu, akasema taratibu, “Yalikuwa ya kwako.” Nikarudi mahali pangu nikasimama, na kiti kilikuwepo, na hakuna aliyeniambia nikae kwa sababu nadhani hawakufikiria kwamba mtu mzima anasubiri kuambiwa. Waliniuliza maswali machache, nikajibu kwa maneno machache. Mgeni hamwagi maneno. Kuhusu bawa hakuuliza mtu. Kisha yule wa katikati akafunga faili lake akasema kwa upole, “Binti, kwa urubani, hapana.”

Alinyamaza hapo. Alikuwa ananiangalia, kalamu mkononi, na yule mwanamke naye alikuwa amejisogeza mbele kidogo kwenye kiti chake. Nilifundishwa nini kwa wakati kama huo? Mgeni akikataliwa haulizi sababu. Anashukuru. Nikasema, “Asante, Afande,” nikarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, nikageuka, nikaufunga mlango bila sauti.

Nje nilimkuta Rehema kwenye benchi, anatafuna karanga, anasubiri zamu yake. “Vipi?” Nikatikisa kichwa, nikapita. Sikumsubiri. Nilipanda basi la Same peke yangu, na kabla hatujafika Korogwe nilikuwa nimeshapata maelezo yote: nilikataliwa kwa sababu nilimimina maji. Nilikwenda kuomba usukani nikaonekana mhudumu, na aliyenifanya mhudumu alikuwa Zefania. Maelezo hayo yalikaa vizuri sana. Yalijibu kila kitu. Niliyashika kama mtu anavyoshika nguzo.

Nilikwenda kwake siku iliyofuata, sikugonga. Alikuwa peke yake, anafunga redio kwa waya. Nikamwambia nimemsikia mkewe, najua alikuwa anabeba sinia, na kwamba nimewamiminia maji maofisa watatu kama alivyonifunza na wameniambia hapana.

“Uliwapitia kulia?” akauliza.

Sijui alikuwa anauliza kweli au ndiyo njia yake ya kupata muda wa kufikiri. Nilichukulia kwamba anauliza kweli. Nikamwambia amewadanganya watoto wa watu. Nikamwambia amefundisha utumwa akauita adabu. Akaacha waya. Alikuwa na mikono mizuri, mikono ya mtu ambaye hajawahi kuvunja bilauri.

“Mimi niliingia kule sijui kusoma vizuri,” akasema. “Waliokuja na kelele niliwaona wanaondoka. Waliokuja kimya niliwaona wanabaki. Nimekupa nilichokiona. Nina kingine cha kukupa?”

“Uliowaona wakibaki walikuwa wahudumu wenzako.”

Akaushika tena waya. Nikatoka kwa mbele, nikamgeuzia mgongo, nikabamiza mlango. Miaka yote iliyofuata nilipokutana naye sokoni nilivuka barabara. Alipougua, mama alikwenda kumwona, mimi sikwenda. Nilikuwa na shule ya kufundisha, na watoto wasio na maabara, na niliwafundisha vizuri kwa hasira. Yeyote aliyeuliza swali darasani kwangu nilimjibu hata kama kengele imelia. Godlisten hakuchukuliwa pia, akarudi Ngujini kulima. Rehema akachukuliwa. Nilisikia hivyo kwa watu na ikakamilisha maelezo yangu: aliyehudhuria nusu ya masomo ndiye aliyepita. Hakuwa ameharibiwa. Alinipigia simu mara kadhaa mwaka ule na sikupokea, akahamishiwa mbali, akabadilisha namba, ikaisha.

Jumamosi, baada ya mazishi, Rehema alikuwepo jikoni kwa Mama Neema kule Mamba. Sikumtambua mpaka aliposema. Alikuwa amevaa khanga ya msiba kama wanawake wengine, amekaa juu ya gunia la tangawizi akimenya viazi, na alikuwa na mafuta meusi ya mashine kwenye mistari ya vidole, yale yasiyotoka kwa sabuni.

“Mwalimu,” akasema. “Bado unanuna?”

Nikakaa. Tukamenya viazi. Wanawake walikuwa wanazungumza juu ya barabara iliyokatika na bei ya tangawizi, na Mama Neema alikuwa anapita katikati yetu akihesabu sahani, akimwambia kila mtu ale. Rehema aliniambia ni fundi wa injini, kwamba ndiyo kazi aliyofanya tangu aingie, na kwamba ndege anazipanda mara chache, anapozisindikiza baada ya matengenezo. Nikamwambia nilidhani ni rubani. Akashangaa. “Nani alikuambia? Mimi nilikataliwa urubani siku ileile na wewe, chumba kilekile, na yule mzee wa miwani.”

“Kwa sababu gani?” nikauliza.

“Si miguu? Mimi na wewe tulipimwa tumekaa, miguu haifiki kwenye pedali za ndege zao. Walikuwa wameshajua tangu asubuhi.” Alitumbukiza kiazi kwenye beseni. “Aliniambia, kwa urubani hapana, akanyamaza. Nikamwuliza hapana kwa nini? Akanieleza. Nikamwuliza sasa mtu mwenye miguu mifupi anafanya nini hapa? Wakacheka wote. Akasema chumba cha pili wanachukua mafundi.”

Chumba hicho cha pili, alivyoniambia, kilikuwa mkono wa kushoto, mlango unaofuata ule nilioufunga, na siku ile mpaka jioni walikuwa bado wanatafuta mtu aliyesoma fizikia.